Kamera za ardhini na elektroni zinazopwitisha aurora

Saa sita za usiku zikipita kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini, mapazia ya kijani ya aurora (mwanga wa angani wa usiku karibu na ncha ya Dunia) wanayoyafuata watalii mara nyingi huwa yameshachanika. Hubaki mabaka hafifu, kila moja likiwaka na kufifia kwa mapigo yake, yapata kila sekunde 2 hadi 20. Hiyo ndiyo aurora inayopwita, na kwangu ndiyo tamu zaidi.

Huwashwa na elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilizonaswa na sumaku ya Dunia, makumi ya maelfu ya kilomita juu ya ikweta. Huko kuna mawimbi ya sumaku-umeme yaitwayo korasi (yakigeuzwa sauti, hulia kama ndege wa alfajiri). Mawimbi hayo huzipotosha elektroni njia, zikateremka hadi kugonga hewa yetu. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba setelaiti ya Japani, Arase, ilizinasa elektroni hizo zikipotoshwa hukohuko juu.

Lakini setelaiti hupima pale ilipo tu, kisha huyo imepita. Kamera ya ardhini hulikodolea macho baka zima. Na baka lina siri: elektroni hupoteza nguvu kidogo kidogo kila inapogongana na hewa, hivyo yenye nguvu nyingi hushuka zaidi. Ya kiloelektronivolti 1 (kipimo cha nguvu ya elektroni) huishia karibu kilomita 150 juu yetu, ya 10 kama 110, ya 100 karibu 80. Ukijua kimo cha mwanga, umejua nguvu ya aliyeuwasha.

Kamera moja haioni kimo. Fumba jicho moja utunge uzi kwenye sindano, utanielewa. Kwa hiyo kamera za Skibotn, Kilpisjärvi na Abisko, katika nchi tatu, hulenga anga moja, kisha kompyuta huziunganisha picha kwa hesabu za jamii ile ya mashine ya CT hospitalini, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, hadi baka lipate urefu, upana na kina. Wingu likitanda, kazi ya usiku huo imekwisha.

Mwanga wa kijani hung'aa vizuri, ila oksijeni iliyogongwa na elektroni hukawia karibu robo tatu ya sekunde kuutoa mwanga huo, ilhali ndani ya baka kuna vipigo vitatu hivi kwa sekunde. Hivyo hutumika mwanga wa buluu wa naitrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 427.8, usiokawia.

Elektroni za nguvu kubwa kabisa hutengeneza oksidi za naitrojeni zinazokula ozoni, ila mwanga wake ni kidogo mno. Hapo kamera huhitaji msaada wa rada ya EISCAT karibu na Tromsø, inayopima wingi wa elektroni katika kila kimo.