Treni mpaka Chanika? Tuhesabu viwanja kwanza

Nikishasema tu kazi yangu ni mipango ya usafiri, swali linalofuata nalijua, lini treni itafika Chanika, lini itafika Bunju, huko pembezoni mwa Dar es Salaam, na huwezi kumlaumu mtu anayeamka saa kumi alfajiri kugombania daladala.

Ila hebu tupige hesabu kidogo. Mtu anakubali kutembea kama mita 800 mpaka kituoni, zaidi ya hapo anaita boda. Duara la mita 800 ni karibu hekta 200. Huko pembezoni tunajenga nyumba za chini kwenye viwanja vya 20 kwa 20, ukitoa barabara na mapori ambayo mwenyewe hajajenga bado, weka nyumba 15 kwa hekta, kila nyumba watu watano, unapata watu 15,000. Tuseme mmoja kati ya kumi anaenda mjini asubuhi, ni abiria 1,500, yaani mabasi kumi hivi ya mwendokasi yale marefu, halafu mchana kutwa behewa tupu. Kwa namba hizo siwezi kutetea reli mpya, samahani wadau.

Wa mbali zaidi? Boda buku kwenda, buku kurudi, tayari unafuu wa nauli ya treni umekwisha.

Reli zilizopo ni habari nyingine kabisa. Tangu 2012 ile treni ya Mwakyembe, treni ya abiria ya ndani ya Dar iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, imetuonyesha abiria wapo, upande wa reli ya kati na upande wa TAZARA, reli ya kwenda Zambia, kule Mwakanga. Tatizo reli ya kati ya zamani ni njia moja, treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni isubiri, sasa utaongezaje safari? Hapo ndipo ningeweka hela, sehemu za kupishana, mageti kwenye makutano na barabara, na stendi ya daladala ibanane na kituo cha treni, sio abiria ashuke halafu avuke barabara kuu na mtoto mgongoni.

Na huko Chanika kwenyewe? Tengeni ukanda wa njia leo, wekeni mawe ya mipaka na walipeni wenye viwanja wakati bado ni mihogo na minazi. Bomoabomoa ya Kimara ya 2017, wakati wa kupanua Morogoro Road, mnaikumbuka, na pale hifadhi ya barabara ilikuwepo kwenye makaratasi miaka yote.