Chesi namba haikuambii kama ni Z/28

Juzi kaka mmoja wa Muscat kanitumia picha ya kibati cha chesi namba, na chini yake: "Bro, hii ni Z/28 ya kweli?" Yaani ile Camaro ya Chevrolet ya toleo la nguvu. Namba inaanza na 124379N. Swali hili nimeulizwa mara sita mwezi huu, basi naliandikia hapa, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Tuisome. 1 ni Chevrolet. 24 ni Camaro ya V8. 37 ni kupe. 9 ni modeli ya 1969. N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Van Nuys ya California ingekuwa L. Zinazobaki ni namba za foleni tu. Z/28 iko wapi hapo? SS, toleo jingine la nguvu, iko wapi? Camaro ya V8 ya kwendea sokoni inaanza hivyo hivyo. Na mfumo wa tarakimu 17 mnaoutegemea ulianza na modeli za 1981.

Ford hawana shida sana: alama ya tano ni injini, K ni ile injini ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu, R ni 428 Cobra Jet, na rekodi za kiwanda kuanzia 1967 anazo Kevin Marti, unalipa, unaletewa ripoti. Chrysler nao alama ya tano: Plymouth 'Cuda ya 1970 yenye R ina injini ya Hemi. Pontiac GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa oda ya ziada juu ya gari la kawaida, namba haiitambui, lakini PHS, watunza kumbukumbu za Pontiac, wanatoa nakala za ankara za kiwanda.

Chevrolet ndiye yatima. Kama gari liliuzwa jipya Kanada, shukuru Mungu, maana GM wa kule walitunza makaratasi. Kama liliuzwa Marekani, utahangaika. Kibati cha bodi cha Norwood kinaweza kuwa na X33 au X77, hizo ni Z/28. Lakini alama hizi za X hazikuwepo tangu mwanzo wa modeli ya 1969, na Van Nuys hawakuziweka kabisa. X11 inaweza kuwa SS, inaweza pia kuwa gari la kawaida lililoongezewa mapambo. Mimi kwa X11 peke yake siapi.

Sasa linalonichosha kuliko yote: tarehe. Mtu anaona 03C kwenye kibati, anatangaza "liliuzwa Machi 1969". Nani kakwambia? Hiyo ni wiki ya tatu ya Machi, bodi ikiwa kiwandani. Kutengenezwa ni habari moja, kupelekwa kwa dila ni nyingine, kununuliwa na mtu ni ya tatu. Ripoti ya NCRS, chama cha watengenezaji wa Corvette za zamani, inakutajia dila aliyepelekewa gari; injini haitaji, mnunuzi haimtaji.

Chukua ZL1, Camaro za 1969 zenye injini ya 427 ya aluminiamu; zilitengenezwa 69 tu. Fred Gibb, dila wa La Harpe, Illinois, aliagiza 50. Bei ilipokuja ikawa zaidi ya dola 7,200, injini peke yake 4,160. Nani atalipa hizo La Harpe? Nyingi zilirudishwa Chevrolet, zikagawiwa madila wengine. Kwa hiyo jina la Gibb kwenye karatasi halina maana kwamba Gibb ndiye aliyeuza. Plymouth Superbird ya 1970 nayo, ile Road Runner yenye pua ndefu na bawa nyuma: zipo zilizoota mizizi yadini mpaka madila wakazing'oa pua na bawa, wakaziuza kama Road Runner za kawaida. Rekodi ya kiwanda inasema Superbird. Mteja alitoka mlangoni na Road Runner. Hapo "halisi" ni ipi? Miaka yote hii sijapata jibu la kuniridhisha.

Karatasi nazo zinachakachuliwa. Niliwahi kupitisha Protect-O-Plate, kile kibati cha dhamana chenye jina la mnunuzi wa kwanza, nikaandika na barua ya uthibitisho kabisa. Miezi minane baadaye nikaona nyingine yenye herufi zenye kasoro ileile, pale pale, kwa jina la mtu mwingine. Zote zilitoka mashine moja. Barua yangu bado inatembea na lile gari.

Kaka wa Muscat nimemwomba picha moja tu: kipande bapa cha bloku ya injini, mbele ya hedi ya kulia. Nataka kuona DZ, alama ya injini ya Z/28, na 19N ikifuatiwa na namba zilezile za foleni. Zaidi nataka ile mistari myembamba iliyoachwa na kisu cha kiwandani. Aliyesaga agonge namba upya huacha pamelainika kama kioo. Kanijibu muuzaji anasema hapo pamepigwa rangi na hataki ikwanguliwe.