Je, wajua kwa nini kifo cha mbwa wa nyumbani huuma kama msiba wa mtu?

Mbwa akifa Dar es Salaam hakuna anayefunga turubai. Viti vya plastiki havikodishwi, daftari la rambirambi halifunguliwi, na kina mama wa mtaani hawaji kukesha jikoni. Kesho yake mfiwa anapanda daladala, anaingia kazini na kuulizwa ripoti ya wiki kama kawaida. Akijikaza na kusema kwamba mbwa aliyekaa naye miaka kumi amekufa usiku, anajibiwa: "Pole, ila si mbwa tu? Tafuta mwingine." Na mtu huyohuyo anaweza kushindwa kula kwa siku kadhaa, akajifungia bafuni kulia ili watoto wasimwone, kisha akaanza kujiuliza kama akili yake iko sawa.

Iko sawa kabisa. Maumivu hayo yana sababu zinazojulikana, na nyingine zimepimwa maabara.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio moja rahisi. Walimweka mtu na mbwa wake chumbani kwa nusu saa, wakapima mkojo wa wote wawili kabla na baada. Waliotazamana machoni kwa muda mrefu walikutwa na ongezeko la oksitosini, mtu na mbwa pia. Oksitosini ni homoni ileile inayomwagika mwilini mwa mama anapomnyonyesha mtoto na kumwangalia usoni. Kwa hiyo yule mbwa anayekuja kuegemeza kidevu kwenye goti lako ukiwa umekaa barazani, akakukazia macho, alikuwa anaamsha mwilini mwako kitu kilekile kinachomfunga mzazi na mwanawe. Wewe nawe ulikuwa unakiamsha mwilini mwake.

Miaka 17 kabla ya hapo, watafiti wa Hungaria walikuwa wamechukua jaribio lililobuniwa kwa ajili ya watoto wadogo na mama zao, wakalifanya kwa mbwa. Mwenye mbwa anaingia naye kwenye chumba kigeni, anaingia mtu asiyejulikana, mwenye mbwa anatoka, baadaye anarudi. Mbwa walifanya kama watoto wanavyofanya: mwenyewe akiwepo wanacheza na kukagua chumba, akitoka wanasimama mlangoni, akirudi wanamkimbilia. Tofauti ni kwamba mtoto hukua. Akifika miaka kumi anajichotea chakula, anagombana na wewe, ana marafiki zake. Mbwa wa miaka kumi bado anakusubiri wewe umletee sufuria yake. Hajawahi kupita siku hata moja bila kukutegemea, kwa hiyo siku akiondoka unapoteza pia kazi ya kumlea.

Hapo ndipo penye uchungu ambao watu wengi hawautarajii. Mwili umeshazoea ratiba, na ratiba haijui kwamba mbwa amekufa. Mjomba wangu anaishi Goba, na mbwa wao alikuwa na tabia ya kuja getini kunusa mkono wake kabla geti halijafunguliwa. Wiki kadhaa baada ya kumzika, mjomba alikuwa bado anasimamisha gari nje, anashusha kioo na kutoa mkono, halafu anaurudisha. Jikoni nako dada wa kazi aliendelea kusonga dona ya watu sita na ya mbwa, anakuta imebaki kwenye sufuria ile iliyobonyea ubavuni, ya mbwa mwenyewe, na dagaa waliokwisha kuchemshwa pembeni. Hakuna aliyemkaripia.

Ubongo hufanya kazi kwa kutabiri. Kwa miaka mingi umejifunza kwamba mlio wa honi hufuatwa na mnyororo kuburuzwa, kwamba saa kumi na moja alfajiri kuna kucha zinazogonga vigae vya varanda. Utabiri haufutiki siku moja. Ndiyo maana wafiwa wengi husema wamemsikia akijikung'uta maji au wamemwona kwa pembe ya jicho karibu na banda lake. Hizo si dalili za uchizi, wala hakuna haja ya kutafuta mganga. Ubongo unatabiri jambo lililokuwa kweli kwa muongo mzima, na kila utabiri unapokosea, kifo kinakuja upya. Mfiwa wa mtu hupata haya pia. Ila ndugu wa kibinadamu mara nyingi hatukai nao saa zote, lakini mbwa yumo katika kila kona ya siku: kuamka, kutoka, kurudi, kula, kufunga geti usiku.

Mshtuko wenyewe unaweza kugusa hata moyo, na hapa namaanisha moyo wa nyama. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo chemba ya kushoto ya moyo hulegea na kufutuka upande wa chini, huku shingo yake ikibaki nyembamba, umbo la vile vyungu ambavyo wavuvi wa huko hutegea pweza. Huwapata zaidi wanawake waliovuka umri wa hedhi, mara nyingi baada ya habari nzito ya ghafla, na dalili zake hufanana na shambulio la moyo. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha kisa cha mwanamke wa Texas, Marekani, aliyefikishwa hospitali na maumivu ya kifua. Mishipa ya moyo wake haikuwa imeziba. Kati ya mambo yaliyokuwa yamemlemea, kubwa lilikuwa kifo cha mbwa wake mdogo. Alipona kwa dawa. Visa vya namna hiyo ni vichache, lakini mtu mzima akilalamika kifua siku za msiba kama huu, apelekwe hospitali na asiambiwe anadeka.

Sasa, kama maumivu ni yaleyale, kwa nini hili la mbwa linachukua muda mrefu kutulia kwa baadhi ya watu? Jibu ninaloliamini zaidi ya yote ni hili: tunalibeba peke yetu. Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, ambayo mwenye nayo hapewi nafasi ya kuilia hadharani wala kufarijiwa. Kufiwa na mnyama ni mfano mmoja wake. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jirani anauona mwepesi kwa sababu haupo kichwani kwake.

Na sisi wa mjini huu tuna sababu zetu za kuuona mwepesi. Kwa wengi mbwa ni mlinzi: amewekwa kwa ajili ya wezi, analala nje, anakula mapupu na vichwa vya samaki, na getini kuna kibao cha "Mbwa mkali". Kukiri kwamba unamlilia kunaonekana kama mambo ya Wazungu. Katika familia za Kiislamu kuna jambo la ziada, kwa kuwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Sura ya 18 ya Kurani inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Na kuna hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Sioni kwa nini mtu aliyemlisha kiumbe huyo miaka yote aone aibu kumhuzunikia.

Hata hilo la kusema ni mambo ya Wazungu halina mashiko. Herodoto, Mgiriki aliyetembelea Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba nyumba iliyofiwa na mbwa, waliomo walinyoa kichwa na mwili mzima. Kunyoa kwa ajili ya msiba bado tunako katika makabila yetu mengi, kwa ajili ya ndugu. Ujerumani nako, mwaka 1914, wachimba mawe walifukua kaburi la miaka ipatayo 14,000 lenye watu wawili na mbwa mchanga wa miezi kama saba. Meno yake yalionyesha kwamba alikuwa ameugua vibaya wiki nyingi, na bila mtu wa kumpa maji na kumpa joto asingefikisha umri ule. Alikuwa hana faida yoyote ya ulinzi wala ya uwindaji. Walimuuguza tu.

Kuna fungu jingine la huzuni hii, nalo ni kujilaumu. Dar kisa cha nyama yenye sumu kurushwa juu ya ukuta usiku kinajulikana mitaa mingi. Asubuhi familia inakuta mbwa kakauka na povu mdomoni, na baba anabaki na mawazo mawili yanayogombana: amekufa kwa ajili yetu, na kwa nini sikumfungia ndani. Mwingine mbwa wake alipata parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kutapisha mbwa, kwa sababu chanjo ilisogezwa mwezi hadi mwezi mpaka ada za shule ziishe. Mwingine alikubaliana na daktari wa mifugo mnyama aliyeteseka achomwe sindano ya kulala moja kwa moja, akamshika kichwa mpaka mwisho, na tangu hapo anajiona muuaji. Kwa huyu wa mwisho nina neno: uamuzi ule ulichukuliwa kwa sababu mnyama asingeweza kuomba mwenyewe apumzishwe, na aliyebaki kumshika kichwa alimfanyia kazi ngumu kuliko zote.

Tufanyeje basi? Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Ukikaa kimya majirani watakuacha na kimya chako. Sema wazi nyumbani na kwa rafiki mmoja au wawili: nimefiwa na mbwa wangu na imeniuma. Hakuna haja ya kuuita mtaa mzima. Inatosha watu wa nyumba wakae jioni moja, watazame picha kwenye simu, wasimulie siku aliyoiba kuku wa sikukuu.

Jambo la pili ni maziko, na hapa mji wetu unatunyima kitu. Viwanja ni vidogo, wengi tumepanga, kwa hiyo kawaida anaitwa kijana, anapewa hela ya soda, mbwa anaingizwa kwenye kiroba na kutupwa bondeni. Naelewa shida yenyewe, lakini ukiwa na kona ya uwanja, yako au ya ndugu Kigamboni au Bunju, mzike. Shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi ili mbwa koko wasifukue, na liwe mbali na kisima, hasa sehemu za pwani ambako maji yako karibu na uso wa ardhi. Waache watoto watupe konzi ya udongo. Jambo moja tu linazuia haya: kama alibadilika tabia ghafla, alitokwa na mate mengi, aliuma watu au kupooza kabla ya kufa, shuku kichaa cha mbwa. Usimguse kwa mikono mitupu, mwite afisa mifugo wa kata, na yeyote aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kupata chanjo siku hiyohiyo.

Watoto tunawadanganya mno. "Babu, Simba yuko wapi?" "Tumempeleka kwa mtu mwenye shamba Kibaha, mjukuu wangu." Mtoto wa chini ya miaka mitano bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo atauliza tena kesho na keshokutwa lini twende Kibaha. Mkubwa kidogo ataanza kuwaza nani mwingine atapelekwa huko akiugua. Kumwambia kwamba mbwa amelala nako kunaweza kumfanya aogope kitanda. Mwambie Simba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu wala njaa, na kwamba hata babu amehuzunika. Akikuona unafuta machozi hatavunjika. Atajua tu kwamba kulia kunaruhusiwa.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, mwangalie naye. Mwaka 2022 watafiti wa Italia waliwahoji watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja kisha mmoja akafa. Asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: kumfuatafuata mtu, kucheza kidogo, kulala sana, kukataa chakula. Huenda anamkosa mwenzake, huenda anaisoma huzuni yako, au yote mawili. Mlishe na kumtembeza saa zilezile za siku zote, na akikaa siku mbili bila kula mpeleke kwa daktari, maana homa ya kupe nayo huanza hivyohivyo.

Kuhusu mbwa mpya, muda hauna kanuni. Wengine mwezi unatosha, wengine mwaka ni mapema, na asilazimishwe mtu kwa kuletewa kitoto cha mbwa kwenye boksi kama zawadi. Kilicho na kanuni ni uwanja wenyewe. Kama aliyetangulia aliuawa na parvo, virusi vyake huweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu na vyombo visafishwe, kisha vipakwe jiki kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji na viachwe dakika kumi. Udongo hausafishiki kwa njia hiyo. Chanjo za mbwa mdogo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na hadi ile ya mwisho ikamilike asishushwe kwenye uwanja aliofia mwenzake.