Jinsi ya kusoma namba za manukuu za mtafiti wa fankisheni maalumu

Ukifungua wasifu wa mtafiti wa fankisheni maalumu, yaani zile zenye majina yake zinazojitokeza tena na tena katika hesabu, awe anashughulikia gama, Bessel au polinomia za Jacobi, jicho hukimbilia kwenye h, namba moja inayofupisha manukuu yake yote. Mimi huanza na swali jingine: nani wanamnukuu, na wanachukua nini kwake?

Hiyo h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi kuikokotoa. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka hadi nafasi ya mwisho ambayo manukuu hayajapungua chini ya namba ya nafasi. Chukua makala 10 zenye manukuu 48, 31, 19, 12, 9, 8, 7, 4, 2 na 0. Ya saba ina 7, ya nane ina 4, basi h ni 7. Sasa ondoa manukuu ya waandishi kujinukuu wenyewe. Tuseme zinabaki 41, 22, 11, 6, 5, 4, 3, 1, 1 na 0. h imeshuka hadi 5, na manukuu 46 kati ya 140 yametoweka. Kwetu hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu kuna aina ya makala inayozaliana haraka mno.

Nazo ni zile za kuongeza parameta. Mwaka 1903 Mittag-Leffler alitoa mfululizo wenye vipengele zᵏ/Γ(αk+1), Γ ikiwa ni gama. Wiman, 1905, akaweka β mahali pa 1. Prabhakar, 1971, akaongeza γ, na fankisheni yake leo inatumika kueleza jinsi vihami-umeme vinavyotulia baada ya kuondolewa uga wa umeme. Hadi hapo kila hatua ina faida. Lakini mtu anaweza kuendelea na δ, p, q, kila mara akitangaza fankisheni mpya na kuinukuu ya jana. Kuipima kazi ya namna hiyo, rudisha parameta mpya kwenye 1, kisha soma uthibitisho. Ikiwa ni ule wa zamani wenye herufi za ziada, kubadilishana nafasi za jumla na intigro basi, hakuna kilichogunduliwa.

Makala yenye uzito hutoa kile ambacho mfululizo wenyewe hauonyeshi: sifuri (mahali fankisheni inapokuwa 0) ziko wapi, fankisheni inaendaje z ikiwa kubwa, au inakokotolewaje bila kuharibika. Hili la mwisho watu hulidharau. Jaribu α = 1, ambapo Mittag-Leffler ni eᶻ tu, na uweke z = −20. Kipengele kikubwa kuliko vyote, 20²⁰/20!, kinafika kama milioni 43, kisha vipengele hasi na chanya vinafutana hadi kubaki jibu la karibu 2×10⁻⁹. Kompyuta inayotunza tarakimu 16 hivi inapata kosa la ukubwa wa jibu lenyewe au zaidi. Hakuna tarakimu ya kuaminika. Kwa eᶻ unaponea kwa kukokotoa 1/e²⁰. Kwa α isiyo namba kamili mlango huo haupo, na anayeleta njia thabiti hunukuliwa na wahandisi wasiosoma majarida yetu kabisa.

Ndiyo maana naangalia misimbo ya MSC, namba zinazoonyesha tawi la hisabati, ya makala zinazonukuu; hifadhidata ya zbMATH Open inaionyesha bure. Zikiwa zote ni 33, fankisheni maalumu, mzunguko ni wa ndani. Zikitokea 65 (ukokotoaji), 60 (uwezekano) au 81 (kwanta), kazi imevuka mpaka.

Yapo pia manukuu yasiyoandikwa. Mhandisi anayehitaji sifuri ya kwanza ya fankisheni ya Bessel J₀, 2.4048, hunukuu kitabu cha majedwali cha Abramowitz na Stegun cha 1964, au hanukuu kitu.

Tena muda. Mwaka 1976 Askey na Gasper walithibitisha kwamba jumla fulani za polinomia za Jacobi haziwi hasi kamwe. Hesabu ya miaka miwili, kama inayotumika kupimia majarida, isingegundua chochote. Mwaka 1984 Louis de Branges alikuwa na uthibitisho wa dhana ya Bieberbach ya 1916, inayohusu ukubwa wa vizidishi katika mfululizo wa aina fulani ya fankisheni, isipokuwa kiungo kimoja. Walter Gautschi alikihakiki kwa kompyuta katika visa vingi, kisha akampigia simu Askey, naye akamwambia kiungo hicho kilishathibitishwa, miaka minane kabla.