Saa iliyofichika ndani ya fuwele

Jiwe likipata joto la kutosha, atomi zake huanza kuhama hata kabla halijayeyuka. Jiwe limejengwa kwa fuwele, yaani chembe ambazo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu, na hakuna fuwele isiyo na kasoro: daima kuna nafasi zilizo wazi katika mpangilio wake, na atomi huzirukia moja baada ya nyingine. Uhamaji huo, difyusheni, huipeleka elementi kutoka ilikojaa hadi ilikopungua, mpaka tofauti iishe. Mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick aliiandikia kanuni mwaka 1855, naye alikuwa akishughulika na chumvi kwenye maji, wala si mawe.

Joto ndilo lenye neno la mwisho. Ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka) ya basalti yenye nyuzi joto 1,200 hivi za Selsiasi, atomi za magnesiamu husambaa takriban sentimita moja kwa mwaka. Ndani ya fuwele ngumu ya olivini, madini ya kijani yenye magnesiamu na chuma, inayoelea katika magma hiyohiyo, mwaka mzima huzisogeza chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Lava ikishatoka na kupoa, mwendo huo husimama, na hapo ndipo jiolojia inapopata saa yake.

Tuchukue chembe moja ya olivini kutoka kwenye lava, tuikate, tuing'arishe, kisha tuipime kwa mashine ya elektroni kutoka ukingoni kwenda katikati. Mara nyingi kiini kina magnesiamu nyingi na ukingo una chuma zaidi, kwa sababu magma ya aina nyingine iliingia ikaizunguka. Mwanzoni mpaka kati ya tabaka hizo mbili ulikuwa mkali, difyusheni imeufifisha. Upana wa ufifi huo unatupa muda uliopita tangu magma iingie hadi volkano ilipolipuka: wiki, miezi, pengine miaka. Upana ukiwa maradufu, muda ni mara nne. Mpaka uliobaki mkali kabisa hautuambii mengi, na uliofutika wote hautuambii lolote. Tunautafuta ule uliofutika nusunusu.

Hesabu hii ina mitego. Katika olivini, chuma na magnesiamu husafiri katika mwelekeo mmoja wa fuwele kwa kasi ipatayo mara sita ya mielekeo mingine, kwa hiyo asiyejua fuwele yake imelala vipi atapotosha jibu. Kukosea joto kwa nyuzi 50 tu kunaweza karibu kuuzidisha muda mara mbili. Tena fuwele inaweza kuwa ilikua hivyo tangu mwanzo, ikibadilika polepole pamoja na magma, na mtu akadhani ni difyusheni.

Hata umri wa miamba unategemea jambo hilihili. Sehemu ya potasiamu huoza kwa mionzi na kuwa gesi ya argoni, lakini biotiti, madini meusi ya jamii ya mika, huipoteza argoni hiyo mpaka ipoe hadi nyuzi 300 hivi. Umri tunaoupata ni wa kupoa, si wa kuzaliwa. Madini ya zirkoni ni shupavu zaidi: huishikilia metali ya risasi inayotokana na kuoza kwa urani hata kwenye nyuzi 900, ndiyo maana zirkoni za Jack Hills, Australia, bado zinasoma miaka bilioni 4.4. Kwa upande mwingine kuna madini ya apatiti, ambayo huanza kuitunza heliamu, gesi itokanayo pia na kuoza kwa urani, yakishapoa hadi nyuzi 70 hivi, joto la kilomita chache tu chini ya uso wa ardhi. Kwa hiyo wanaochunguza mmomonyoko wa milima huitumia kujua ni lini miamba ilikaribia juu.