Meno ya bandia ya chini yanauma? Maswali kuhusu ile "bitana" laini

Swali: Mama yangu ana meno ya bandia ya kuvua, ya juu hana shida nayo ila ya chini chakula kikifika tu mezani anayatoa anayafunga kwenye leso. Daktari kasema atamwekea kitu laini kwa ndani. Ndo nini hicho?

Mpe pole mama. Koti la suti si lina bitana kwa ndani? Basi ndo hivyo hivyo. Ile sehemu ya pinki ni akriliki, plastiki ngumu isiyo na huruma, sasa upande unaokaa kwenye ufizi linabandikwa tabaka kama raba, unene wake milimita 2 hadi 3 hivi, akitafuna linabonyea kidogo na uzito unasambaa badala ya kukandamiza sehemu moja.

Swali: Kwa nini ya chini tu ndo yanasumbua?

Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika hauna kazi tena, unaanza kuisha, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza afu polepole maisha yote, na taya la chini linaisha kuliko la juu. Juu kuna kaakaa pana la kushikilia, chini ni kanjia kembamba tu na ulimi nao unasukuma siku nzima. Kuna wazee ukiwapapasa kwa kidole unakuta mfupa umebaki kama makali ya kisu na ufizi juu yake mwembamba kama ganda la kitunguu, yani kila tonge ufizi unabanwa kati ya plastiki na mfupa, hapo hata mimi ningeyafunga kwenye leso.

Swali: Ikishawekwa ndo imetoka?

Hapana, na hapa ndo watu wengi hawaambiwi vizuri. Kuna ya muda, ile ya kutuliza ufizi wenye vidonda au uliotoka kung'olewa meno, hiyo ni ya siku chache hadi wiki kadhaa, afu inabadilishwa. Na kuna ya kukaa zaidi, ya akriliki laini au silikoni. Akriliki laini ina dawa ya kulainisha ndani yake ambayo inatoka kidogo kidogo kwenye mate, so inarudi kuwa ngumu. Silikoni inabaki laini muda mrefu ila shida yake ni kubanduka pembeni, na ikishabanduka chakula kinaingia chini yake na harufu inaanza. Tena ili kuipa nafasi fundi inabidi apunguze ile akriliki ngumu, kwa hiyo meno yakidondoka kwenye sinki yanavunjika kirahisi zaidi. Aoshe juu ya beseni lenye maji.

Kama meno yenyewe yamechakaa au hayakutani vizuri, bitana haitasaidia kitu, atengenezewe mapya.

Swali: Anaosha na nini?

Mswaki laini na sabuni ya maji ya kawaida, kila baada ya kula. Dawa ya meno inakwaruza, maji ya moto yanapinda akriliki, na jiki inaharibu bitana. Bitana ina vitundu vidogo sana ambavyo fangasi wanapenda kujificha, so ufizi ukiwa mwekundu na unawaka arudi kliniki, hasa kama ana kisukari.

Swali: Kaka anasema tuweke pamba na supagluu.

Kaka aache. Gundi ile si ya mdomoni, na unene ukizidi upande mmoja meno hayakutani tena sawa, anapata kidonda kipya upande wa pili. Na kidonda chochote kikipita wiki 2 bila kupona hata baada ya kuyavua, aonwe na daktari, sio kila kidonda ni cha meno ya bandia, inaweza kuwa saratani.

Swali: Usiku alale nayo?

Ayavue ufizi upumzike. Ayaweke kwenye kikombe cha maji ya kawaida, na kikombe kikae juu kabisa ambapo wajukuu hawafiki.