Flashi haiwezi kuangaza gurudumu la bembea

Wengi wakifika kwenye viwanja vya maonyesho usiku, kitu cha kwanza ni kuwasha flashi. Wanaamini kwamba penye giza lazima uongeze mwanga. Si kweli, na inaniuma kuona picha nzuri zikipotea hivyo.

Flashi ndogo ya kamera au simu hufika mita chache tu. Umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Kwa hiyo lile gurudumu kubwa la bembea lililo mita 50 kutoka ulipo haliguswi kabisa. Kinachong'aa ni kisogo cha mtu aliye mbele yako, na vumbi lililo hewani. Tena gurudumu lina taa zake lenyewe. Kinachotakiwa ni muda wa kuukusanya mwanga huo.

Zima flashi. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, au hata juu ya ukuta imara, shusha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi 100, tundu la lenzi liwe dogo, f/8 au f/11, kisha acha shata, yaani pazia linalopitisha mwanga ndani ya kamera, wazi kwa sekunde 2. Balbu zinazozunguka zitachora mistari ya rangi, kila moja na njia yake, huku nguzo zikibaki zimetulia. Piga kwa kipima muda ili kidole kisitikise kamera.

Mimi hupenda zaidi dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na ubuluu. Flashi itakufaa ukimpiga rafiki aliyesimama karibu, taa zikiwa nyuma yake.